Kila Msomaji na Ukurasa Wake

Saa moja kasoro robo asubuhi, shuka la kwanza linaingia kwenye mashine ya pasi likiwa na unyevu, linatokea upande wa pili limenyooka kama karatasi. Bosiljka Ranđelović analidaka kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umeshika kitabu chenye picha ya mwanamume aliyefungua vifungo vya shati.

"Usimwamini huyo mapema," anamwambia Zlatija, mpishi wa hospitali, aliyemletea kahawa. "Katili mpaka ukurasa wa tisini. Halafu anamwogesha mbwa wa jirani. Utalia."

"Mume wangu ameshaniliza vya kutosha."

"Huyo wako hajaogesha hata mguu wake. Chukua!"

Zlatija hatazami hata jina la kitabu. Anafungua ukurasa wa arobaini na moja, anachungulia chini ya namba, anakirudisha. "Nilishakisoma, shoga. Nukta yangu hii hapa."

Bosiljka ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na sita anafua mashuka ya hospitali katika mji mdogo wa bonde la Timok, mashariki mwa Serbia. Mshahara ni dinari elfu sitini. Kuni za majira ya baridi zinameza mishahara miwili.

Kitabu cha kwanza alikikuta kimeviringishwa ndani ya shuka, mgonjwa mwenyewe ameshakwenda nyumbani. Akakikausha juu ya bomba la mvuke, akakisoma, akakiweka kwenye rafu ya sabuni. Wauguzi nao wakaanza kuleta vyao. Leo viko mia nne na kumi na viwili, vyote riwaya za mapenzi, vile vidogo vinavyouzwa kioski.

Majalada yanafanana, majina yanafanana. Ndiyo maana kila mwanamke ana ukurasa wake na alama yake katika kila kitabu alichokisoma. Hakuna anayeandika jina, maana waume wa hapa hawakosi la kucheka.

"Alama unaweka ukishamaliza," anasema Bosiljka. "Ukidanganya, utajidanganya mwenyewe."

Mtu akikaa na kitabu kimoja tu, akapekua taratibu, anawaona wote. Kurasa mia na ishirini na nane, alama ishirini na tisa. Nukta, nyota, jani, jicho. Wengine kati ya wenye alama hizo walishazikwa zamani. Bosiljka anawajua wote, kama padri anavyojua waumini wake, na anajua nani alilia wapi.

Kuchagua ndiyo kazi anayojivunia. Aliyepasuliwa nyongo hampi cha kuchekesha, mshono usije ukaachia. Aliyeachwa anampa cha mjane anayeolewa tena na fundi wa paa. "Hapo anaona kwamba paa linarekebishika," anasema, naye hatanii.

Mwezi Machi mkurugenzi mpya aliingia chumba cha kufulia kwa mara ya kwanza. Dari la chumba hicho linavuja huu mwaka wa nne, na barua zote za kuomba mafundi zimelala kwenye droo za wakubwa. Dari hakuliona. Aliona vitabu, akachomoa kimoja, akakipekua.

"Hizi takataka za nini?"

"Zinasomwa, bwana mkurugenzi."

"Na nani? Tazama, zimechorwachorwa. Ijumaa gari la karatasi chakavu linakuja."

Alikuwa ameshika mkononi ushahidi wa wasomaji ishirini na tisa, akauita uchafu. Ndivyo walivyo wakubwa: wanasoma mihuri tu. Bosiljka aliomba wiki moja, akanyimwa. Kuvibeba nyumbani hakuweza. Chumba chake ni kimoja, analala na mama yake mgonjwa. Alfajiri ya Ijumaa alivifunga mafungu ishirini kwa kamba ya kuanikia nguo.

Gari lilipofika, dereva alishuka akichechemea. Tihomir Ljubić, miaka sitini na sita.

"Usininunie, mama. Mimi nabeba tu."

Bosiljka alimkazia macho. "Wewe si mume wa Rajna? Rajna wa kusafishwa damu?"

"Nilikuwa."

Miaka sita Rajna alilazwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki, na Tihomir alikuwa akimsubiri nje garini. Kila akimuuliza alifanya nini ndani, jibu lilikuwa moja: nililala.

"Alilala wapi!" Bosiljka alikata kamba, akafungua kitabu ukurasa wa thelathini na tatu. Alama ndogo, kama unyayo wa ndege. Akafungua kingine. Unyayo. Kingine tena.

Tihomir alikaa juu ya fungu, akaanza kupekua mwenyewe. Alifika nyayo themanini akapoteza hesabu.

"Alikuwa akirudi anacheka peke yake," alisema mwishowe. "Nikadhani ni dawa."

Bosiljka akatoa kitabu mfukoni mwa aproni. Hiki hakukifunga pamoja na vingine. Kilikuja ndani ya shuka la mwisho la Rajna, ukurasa wa themanini na nane umekunjwa pembe. Ukurasa wa thelathini na tatu haukuwa na kitu.

"Hakumaliza," alisema.

"Kinaishaje?"

"Wanaoana. Vyote wanaoana, mzee wangu, ndiyo maana tunavisoma."

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua tangu ukurasa wa kwanza."

Tihomir alipakia mafungu yote ishirini. Kwenye kiwanda cha karatasi hakufika. Chumba chake cha jiko cha uani, ambamo marehemu Rajna alikuwa akipika ajvar, rojo la pilipili hoho, kila Septemba, sasa kina rafu nne za mbao za masanduku ya matunda. Jumapili iliyopita walikuja wanawake kumi na mmoja, wawili kutoka vijiji vya mlimani, mmoja na mkate wa jibini, na wakamfukuza mwenye nyumba alipotaka kuwaambia mwisho wa kitabu anachokisoma.

Bosiljka anataka kuweka humo jiko la kuni la kupasha joto kabla ya Novemba, na kwenda vijijini siku za soko, sanduku likiwa nyuma ya gari la Tihomir. Hospitalini hakuna aliyeuliza vitabu viko wapi.

"Wakubwa siwaogopi," anasema, akidaka shuka. "Hata mkurugenzi ana kitabu chake mahali fulani. Bado sijakipata, ila natafuta."