Salamu ya Mgeni

Kabla Mama hajafika mlangoni, harufu ya dagaa wakavu ilikuwa imekwisha kuingia. Ilikaa kwenye kitenge chake, kwenye nywele, hata kwenye viganja alivyotushika navyo mashavu. Alinunua dagaa kwa wavuvi wa visiwani na kuwauza sokoni Muleba, na mdogo wangu Koku, ambaye hakuwa amefikia umri wa kwenda shule, hakupata usingizi mpaka auzike uso wake katika kitenge hicho. Baba alikwisha kufariki. Sikuwahi kudhani kwamba sisi watatu tuliobaki tungeweza kutenganishwa na kitu kisicho kifo.

Kilichotutenganisha kilikuwa jambo jema. Mama alikuwa amefaulu masomo ya sayansi kidato cha nne kabla ya kuolewa, na siku aliposhuhudia mwanamke akijifungua kisiwani bila mkunga na kumpoteza mtoto, aliamua kuacha biashara akasomee uuguzi na ukunga. Akapata nafasi katika chuo kimoja mjini Bukoba, akapanga chumba mtaa wa Kashai, nasi akatupeleka kijijini Kaagya kwa Bibi, mama yake mzazi. Jirani wa Bibi, Ma Adela, alimtania tukishusha mizigo: “Wewe binti, utakaa dawati moja na watoto wa juzi?” Mama akacheka. “Nitakaa nao, Ma Adela. Wakisinzia, nitawafinya.”

Mwanzoni alikuja kila Jumamosi. Kisha mafunzo ya wodini yakaanza, zamu zikamshika, na ziara zake zikapungua mpaka ikapita miezi mingi bila sisi kumwona. Koku aliacha kuuliza. Jioni alilala mgongoni mwa Bibi, akinusa moshi wa jikoni na kahawa.

Kwa Kihaya, wanaoishi pamoja wakikutana jioni huambiana *wasibota*, yaani umeshindaje. *Milembe* ni salamu ya waliopoteana siku nyingi, na ya wageni; kwa mkubwa huongezwa *waitu*, neno la heshima. Mtoto hafundishwi tofauti hiyo. Huipata akiwa bado anatambaa.

Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Tulikuwa tunaanika kahawa mbivu uani, nyekundu mkeka mzima, Mama alipotokea kwenye njia ya kibanja, kati ya migomba. Alikuwa amekonda, na alinukia sabuni ya hospitali. Koku alipangusa mikono yake kwenye gauni, akapiga magoti kwa adabu zote, akasema: “Milembe, waitu.”

“Huyu ni mama yako, si mgeni!” Bibi alisema, akijaribu kucheka.

Koku akamgeukia Bibi. “Mama, nimletee kiti?”

Mama aliitikia salamu ile, kwa maana kwetu salamu haiachwi bila jibu. Akakikalia na kiti alicholetewa. Lakini jioni, nikiwa namenya ndizi nyuma ya jiko, nilimsikia akimwambia Bibi: “Sirudi chuoni, mama. Narudi kwenye dagaa, niwe na wanangu.”

“Umebakiza kidogo umalize,” Bibi akajibu. “Ukiacha sasa, wale wanawake wa visiwani utawaambia nini? Nenda. Mtoto yuko kwangu, hajatupwa.”

Asubuhi Mama akaenda. Alipohitimu na kuja kutuchukua, Koku aliushika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili, akalia mpaka sauti ikakauka. Niliondoka na Mama. Koku akabaki.

Leo Mama ni mkunga katika zahanati moja wilayani Muleba, na wapo watoto visiwani wanaopumua kwa sababu hakuacha chuo. Mimi nimesoma mpaka chuo, na huwaambia watu wazima kwamba wanaweza kurudi darasani na kuanza kazi mpya. Naliamini neno hilo kwa moyo wote. Ila kila ninapolisema, naona pia mikono midogo iliyoushika mlango, na sithubutu kumwambia mtu yeyote kwamba njia hiyo haina machozi.

Mwaka jana Bibi alifariki. Baada ya kumzika pale Kaagya, majirani walipanga mstari kumpa pole Mama, aliyekuwa mtoto wa pekee wa marehemu. Aliwazuia kwa upole, akawaonyesha mdogo wangu aliyekuwa amejikunja kando ya kaburi.

“Anzeni kwa Koku,” alisema. “Yeye ndiye aliyefiwa na mama.”

Wakageuka, wakamfuata Koku. Mama akabaki amesimama peke yake. Nikamwendea mimi.