Raya na Besi Iliyomzidi Kimo

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata chai hunipalia. Ilikuwa asubuhi ya masika, hapa hapa Mkunazini, na ngazi za nyumba yetu zilikuwa zimerowa. Binti yangu wa pekee, Raya, alikuwa akishuka mbio kuwahi mazoezi ya taarabu, fidla yake kwapani. Nikasikia kishindo. Nilipofika chini nilimkuta amekaa, mkono wa kushoto umepinda, na fidla kaipakata haina hata mkwaruzo. Alianguka akiikinga.

Mkono uliunga, lakini kidole cha pete kilibaki kigumu kama kijiti. Na mpiga fidla, kama hujui, nyimbo zake zote zimo katika vidole vya kushoto.

Hilo halikuwa pigo lake la kwanza. Alipopiga mbele ya watu mara ya mwanzo, kwenye harusi moja kule Bububu, alipotea katikati ya wimbo, akakaa kimya mpaka ukaisha. Wanawake walimcheka, tena kwa sauti. Alirudi nyumbani akalia, na kesho yake akaenda mazoezini. Niliona fahari ambayo sikumwambia mtu.

Lakini safari hii nilishindwa mimi. Akijaribu kupiga, sauti zikitoka zimepinda, na mie upande wa pili wa ukuta nikiuma kanga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku moja nikavaa buibui langu, nikenda klabuni kwao kwa taarabu, nikamwambia mwalimu wake, Mzee Haji, kwamba Raya hatokuja tena. Raya mwenyewe sikumuuliza.

Wakati wa kurudi nikapita kwa jirani yetu Bi Shemsa, mtu wa umri wa mama yangu. Nilimkuta anadarizi kofia. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza nilichokifanya nikitaraji aniunge mkono.

"Yeye kasema kachoka?" akaniuliza.

"Hajasema, Bi Shemsa. Lakini nnamwona."

"Aliyechoka ni wewe, mwanangu. Rudi kwa huyo mzee ukaseme kweli. Na usimpumzishe mtu ambaye hajasema kachoka."

Hata macho hakuyainua kwenye kofia yake. Niliona haya, nikarudi.

Mzee Haji hakunilaumu. Alisema nimlete. Raya alipofika, akamsimamisha mbele ya besi, ile fidla kubwa ipigwayo kwa kusimama, iliyomzidi kimo. "Hii haikihitaji sana kidole cha pete," akamwambia. "Inahitaji mtu wa kusubiri."

Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, lakini mhunzi aliyelizoea koleo lake hulilia kwanza. Raya aliililia fidla yake sana. Kisha akaanza upya. Nyuzi nene za besi zikamchuna vidole vya kulia, ikawa chakula chenye pilipili hawezi kukishika. Ulimi uliniwasha nimwambie aache. Badala yake nikampa kijiko.

Ilichukua miaka. Siku moja nikawa nimekaa ukumbini na wanawake wenzangu, wimbo ukaanza, mabega yakaanza kunesa. Bibi mmoja kando yangu akaninong'oneza, "Sijui leo wana nini hawa, miguu yangu haitulii." Mie nilijua wana nini. Ni Raya, kule nyuma kabisa ambako hapana anayetazama. Nilitaka kumwambia kuwa yule ni mwanangu, nikaishia kunesa naye.

Sasa yuko Maskati, anafundisha muziki. Hunipigia simu, na mara nyengine huiweka karibu wanapopiga ili nisikie. Lakini simu, mwanangu, haichukui mngurumo wa besi. Nasikia fidla, nasikia nyuzi za kanuni, nasikia waimbaji. Raya simsikii.

"Mama, umenisikia?"

"Nimewasikia wenzako. Wewe nitakusikia ukija."

Hucheka. Nami nikishakata simu hukaa kitambo nayo mkononi, nikimtamani hata yule Raya aliyekuwa akikosea. Ningemzuia siku ile, pengine leo angekuwa hapa tukichambua mchele pamoja, naye ana huzuni asiyoisema. Bora huzuni niwe nayo mimi.

Basi shika haya. Ukiwa ndiye unayejifunza, kilichovunjika kililie, si aibu, kisha uliza mkono uliobaki unaweza nini. Na ukijaaliwa kuwa mzazi, usimkatize mtoto safari kwa kuwa wewe umechoka kumtazama. Akenda mbali kwa kile ulichomwachia akipende, mkumbuke kwa dua, usimfungie njia kwa machozi.

Mwenyezi Mungu akujaalie kazi ambayo mikono yako inaipenda, akupe na mtu wa kukungoja, na walio mbali awarejeshe kwa mama zao tungali hai. Amin.