Handaki za Baba Mkwe

Shamba ya baba mkwe wangu hapa Kibra ilikuwa na mteremko mkali mpaka kuku wetu walizaliwa na mguu mmoja mfupi. Mvua ikinyesha, udongo unaondoka na mahindi ikiwa bado imesimama wima, kama watu wanaenda sokoni. Mwaka mmoja tulivuna ng'ambo ya mto, na mwenye shamba ile akatuuliza tulikuwa tumepanda lini.

Ndiyo akaja bwana shamba, mzungu kijana, na karani wa kumtafsiria. Akasema hiki kilima kinaisha. Kila mtu achimbe mitaro ya kukata mteremko, kina cha goti. Mtu ambaye udongo wake utaonekana mtoni baada ya masika, atahamishwa.

Baba mkwe akaangalia chini ya shamba. Mama mkwe tulikuwa tumemzika mwaka huo huo, pale chini ya shamba. Mzee hakuwa anaenda mahali.

Sasa, wazee wetu wa Kibra walikuwa askari. Ukimwambia mtu amepigana na Mjerumani achimbe mtaro, yeye anajua mtaro wa aina moja. Tukachimba handaki. Mtu anasimama ndani na bunduki yake haonekani. Tena kona kona, risasi isipite.

Nikamwuliza, "Baba, kina yote hii?"

"Mwanangu, umewahi kupigwa risasi?"

"Hapana."

"Basi chimba."

Jirani mmoja Mkikuyu, alikuwa akituletea viazi kutoka Kawangware, akasimama juu akatuangalia.

"Mzee, unapigana na nani?"

"Maji."

"Na hizi kona?"

"Yasijue tuko wapi."

Yule jirani akaacha viazi, akaenda pole pole bila kugeuka.

Bwana shamba akarudi. Aliangalia ndani ya handaki muda mrefu, mpaka nywele zikamwota kwa masikio. Karani akasema, "Alikuambia kina cha goti."

"Goti la nani, effendi?"

Mzungu akasema hiyo maji ikijaa hapo itapasua kilima chote. Fukieni leo! Lakini kabla tushike jembe, mvua ikaanguka. Matone kama sufuria. Mzungu na karani wakakimbilia jikoni kwangu. Baba mkwe akavaa koti lake la vita, akasimama lindo kwa handaki na fimbo begani.

Maji yakashuka mbio. Kona ya kwanza yakapunguza mwendo. Kona ya pili yakaanza kutembea. Kona ya tatu yakakaa chini.

Halafu handaki ya chini ikapasuka kweli, vile mzungu alisema. Maji yakabeba choo yetu. Ilishuka mpaka mtoni na mlango wake umefungwa, kwa heshima.

Mvua ilipokwisha, bwana shamba alienda mtoni kuangalia. Alirudi na matope mpaka magoti, akaongea na karani, wakabishana kidogo. Karani akatuambia, "Anasema udongo wenu hajauona. Ameona choo."

"Alikataza choo?"

Karani akatafsiri. Mzungu akamjibu, karani akatugeukia.

"Hapana. Alikataza udongo. Mnabaki. Lakini hiyo handaki ya chini mpunguze."

Baba mkwe akashuka kwa kaburi la mama mkwe, na koti bado linachuruzika. Akapiga saluti.

"Kilima tumeshika," akamwambia. "Choo tumepoteza."