Mbuzi wa Mahari Mlangoni kwa Papa Hénock

"Mama Lina, ulisikia? Papa Hénock alikatala mbuzi ya mahari! Mbele ya bantu, mama! Mbele ya bantu!"

Graciella, jirani yangu wa ghorofa ya juu, alinikamata kwenye ngazi nikiwa na mtoto kifuani na mfuko wa viazi mkononi. Huyu mama hajui kunong'ona. Alisema familia ya Doudou, kijana anayetaka kumuoa Shekinah, binti wa Papa Hénock, walipeleka mbuzi mzima hadi kwenye shamba anakofanya kazi mzee huyo. Mbuzi alikuwa na utepe mwekundu shingoni, kina mama walikuwa wanaimba, na Papa Hénock akasimama katikati ya mlango, akatandaza mikono kama polisi: "Isiingie!" Kisha akaenda kumfungia mbuzi peke yake kwenye kibanda cha mbali.

"Mbuzi iko cachot," alisema Graciella. "Belle-famille, wakwe zako, banaleta mbuzi, unaifunga sawa mwizi? Bon, mi nakuambia, ule papa hataki mutoto wake aolewe. Anataka Shekinah azeekee pale, akimupikia."

Hapo nilicheka kidogo, kwa sababu Shekinah hajui kupika. Tangu mama yake afariki, anayepika katika nyumba ile ni Papa Hénock mwenyewe, na harufu ya sombe yake, majani ya muhogo, hupanda ngazi zote. Lakini habari yenyewe sikuipenda. Nilipofika ndani, nilimlaza Lina, nikabaki nimesimama na viazi vyangu.

Papa Hénock anakaa chini yetu, kwenye nyumba ya kwanza ukiingia, huku Ixelles, Ubelgiji. Ni mtu wa Kambove, kule Kongo. Kila asubuhi anapanda basi kwenda Woluwe-Saint-Lambert, kwenye shamba moja dogo ambako walimu huleta wanafunzi waone mbuzi na kondoo. Watoto wengine wa mji huu wanadhani maziwa yanazaliwa kwenye boksi. Kazi yake ni kuwatunza wanyama wale wasiugue. Watu wanamcheka kwa sababu ya viatu: ana viatu vya mbuzi, visivyotoka shambani hata siku moja, na viatu vya watu, visivyoingia zizini. Shati vilevile. Ukikutana naye jioni kwenye ngazi ananukia sabuni.

Na jambo hili la mbuzi alilitaka mwenyewe. Hapa Bruxelles mbuzi wa mahari siku hizi ni bahasha. Wanaandika juu yake "mbuzi", mtu mmoja analia mee, watu wanacheka, bahasha inapita. Papa Hénock alikataa. "Mi nachunga mbuzi," aliwaambia, "munipatie mbuzi yenye kupumua." Basi tonton Mathieu, mjomba wa Doudou na msemaji wa familia yao, akaenda mwenyewe hadi soko la wanyama huko mbali, amevaa suti, akachagua dume zuri. Wakampeleka Jumapili bila kupiga simu, ili iwe furaha ya ghafla. Ikawa ile furaha niliyosimuliwa.

Alhamisi nilikuwa na miadi ya kumpima Lina hospitalini, hukohuko Woluwe. Uzito ulikuwa mzuri. Kwa kuwa shamba haliko mbali, nilisukuma kigari cha mtoto hadi pale.

Mlangoni kuna beseni pana lenye maji ya dawa. Nilikanyaga. Papa Hénock akanionyesha kidole chini: "Na magurudumu, mama."

"Hata poussette?"

"Poussette ilipita kwa njia sawa na we."

Nikapitisha magurudumu. Aliniomba nimsubiri amalize mzunguko wake, nikakaa kwenye ubao kumtazama. Alianza na watoto wa mbuzi, akaenda kwa mama zao, kisha kwa kondoo. Kila mmoja alimshika taya, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba na kuangalia rangi. Likiwa jekundu, sawa. Likiwa jeupe, minyoo inakunywa damu. Aliinua miguu, akachungulia kati ya kwato. Alimpapasa kondoo mmoja mzee, akaniambia wote wameshachomwa sindano ya ile homa ya ulimi wa buluu, kabla vijidudu vinavyoileta havijaanza kuruka na joto. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Nikawaza kwamba kazi ya namna hii haina wa kuisifu: ukiifanya vizuri, hakuna kitu kinachotokea.

Mwisho kabisa akabadilisha viatu, akavaa koti jingine, akaenda kwenye kibanda cha mbali. Mimi na Lina tulibaki nje, chini ya paa. Nilitazamia kuona jela. Niliona majani makavu mengi, maji safi, na ule utepe mwekundu umefuliwa, umetundikwa kwenye msumari. Mkate wake wa mchana ulikuwa pale dirishani. Alikuwa anakula humo, pamoja na mfungwa wake.

"Bwana arusi, ulilala aje?" alimuuliza mbuzi. Kisha kwangu, bila kugeuka: "Graciella alikuambia nini?"

"Alisema mbuzi iko cachot."

Alicheka, ila si kwa muda mrefu. Akasema kule Kambove baba yake aliwahi kurudi kutoka sokoni na dume la sikukuu, watu wakapiga vigelegele, likaingizwa zizini jioni ileile. Lilionekana zima. Baadaye mbuzi mmoja akaanza kutoa makamasi, mwingine akahara, na kabla mvua hazijaisha uwanja wao ulikuwa kimya. "Hatukuuza, hatukukula. Tulizika tu. Toka pale, mbuzi mugeni kwangu inakaa kando kwanza, wiki hata tatu, mpaka niione vizuri. Ingeletwa na mufalme, ingekaa kando."

"Na hii, iko na kitu?"

Aliinua mguu wa mbele wa mbuzi. Niliona alikuwa hataki kuukanyagia. Katikati ya kwato ngozi ilikuwa nyeupe, laini, na harufu ikanifikia pale nje.

"Inaoza. Itapona, naikata, naiosha na dawa kila siku. Lakini ingeingia kule, ingeacha ugonjwa kwa majani, na ile ingine ikanyage, na ingine. Zote zingechechemea."

"Basi umuambie tonton Mathieu! Akiona mwenyewe, mambo inaisha."

"Nimuambie nini, mama? Kwamba alivaa costume akaenda kuniletea mugonjwa?" Aliteremsha mguu polepole. "Muntu alileta zawadi, unamurudishia aibu? Samedi, Jumamosi hii wakikuya kwangu, sitasema neno ya mguu. Na we usiseme."

Alitoa simu, akanisikilizisha sauti ya tonton Mathieu. Nilimjua mara moja, anaongea kama yuko kanisani. "Bon, Papa Hénock. Kama mbuzi yetu iko sale, iko muchafu, basi na mutoto wetu iko sale. Samedi tutakuya kwako, alors tutachukua mbuzi yetu, na bintiyo atabaki kwako. Merci."

Kwetu mbuzi wa mahari akirudi kwa wenyewe, ndoa imekwisha. Sasa nilielewa kwa nini Shekinah alipita mbele yangu asubuhi ile macho yamevimba, hata shavu la Lina hakulishika.

"Kosa ni ya mudomo yangu," alisema Papa Hénock. "Ningesema: karibuni, mugeni wetu iko na chumba yake. Shekinah asingelia. Mi nikaogopa, nikabweka sawa mubwa."

Alifunga kibanda, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaja kusimama mbali kidogo na kigari. Hapo mwili wangu ukakumbuka. Alikuwa amesimama hivyohivyo mlangoni kwangu.

Lina alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kama mkate. Tulipotoka hospitalini, daktari alituomba watu wenye kikohozi wakae mbali naye. Lakini utawazuia vipi watu wetu? Walijaa, walimbusu, walipokezana mtoto kama sahani, na mimi nilikuwa nimechoka mno kusema hapana. Papa Hénock alipanda ngazi na sufuria ya supu, akaiweka chini kwenye kizingiti, akakataa kuingia. "Mi natoka kwa banyama," alisema. "Nitamuona toka hapa." Graciella akaeneza kwamba papa hapendi watoto wa kike. Lakini kila Jumapili alirudi na supu, akasimama palepale, na hakuondoka mpaka nimgeuze Lina amwone uso. Mtoto alipopiga chafya siku moja, yule mzee alicheka peke yake kwenye ngazi. Baadaye Lina alipata nguvu, ila ile desturi ya mlango ikabaki. Hajawahi kumbeba hadi leo.

Sikumwambia kwamba nilikuwa ninayawaza hayo. Ni yeye aliyesema.

"Mama Lina, ule wakati mutoto wako hakuwa mugonjwa."

"Hapana."

"Na mi pia sikukuwa mugonjwa. Lakini nilisimama."

"Ulisimama, papa."

Alitazama mikono yake, bado ina maji, akaipangusa kwenye shati safi, upande huu na upande ule.

"Samedi ushuke kwangu. Mi nikisema, nitaharibu tena. We unasemaka polepole, bantu banakusikia. Uwaambie tu vile nilisimama kwa mulango yako. Mbuzi usiitaje; wataelewa kusimama kando si kukatala." Lina alikuwa ameamka, anamtazama. "Na ukuye na ye. Ukimaliza kusema, mbele yao wote, unipatie nimubebe."