Ufunguo wa Ghala

Mimi pia niliinua mkono. Nataka hilo lijulikane kabla sijaanza kulaumu watu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nyumbani kwetu ni karibu na Muthetheni, na kaka yangu mkubwa alikuwa amerudi kutoka machimbo ya mawe kule Lukenya akiwa mtu wa chang'aa, ile pombe kali. Asubuhi hawezi kushika kikombe cha chai mpaka apate ile yake kwanza. Alikuwa ameuza sufuria za mama, majembe, hata mlango wa choo. Basi mbai, yaani ukoo wetu, ukaitisha mkutano Jumamosi, kama ulivyoitisha kwa mume anayepiga mke au jamaa aliyekataa kuchangia matanga. Baba mkubwa, aliyekuwa mwenyekiti, akatoa hukumu: afungiwe kwenye ghala la mahindi siku saba, uji na maji tu, hiyo pombe imtoke. Atakayemfungulia kabla ya hapo atalipa mbuzi. Wanaokubali? Mikono juu. Ufunguo nikapewa mimi, kwa kuwa mama angemwonea huruma.

Siku ya kwanza alinichokoza kupitia nafasi za mbao. "We askari jela, uji hauna sukari." Nikacheka. Siku ya pili alitetemeka mpaka mbao zikawa zinagonga, na uji wote akautapika. Nikamwambia mama ni uchafu unatoka, ndivyo baba mkubwa alivyosema.

Siku ya tatu, jua likiwa la utosi, akaanza kulia kwamba siafu wanampanda. "Dada, nitolee hawa. Wameingia masikioni." Nikachungulia. Hakukuwa na siafu hata mmoja. Nikajiambia anaigiza, walevi ni wajanja, nikifungua tu atakimbilia kwa mama pima, yule muuza chang'aa. Nikakaa chini, mgongo kwenye mbao za ghala, ufunguo kiganjani, nikamsikiliza akiniita kwa jina nililoitwa utotoni. Niliogopa sana, lakini sitadanganya, sikuwa naogopa kwamba atakufa. Nilimwogopa baba mkubwa. Niliogopa kusimamishwa mbele ya ukoo niambiwe ni mimi niliyemharibu. Nilikaa hapo hadi mbuzi wakarudi kutoka malishoni.

Kisha akanyamaza. Nikasikia visigino vyake vikipiga sakafu, haraka haraka. Mama akatoka jikoni mikono ina unga.

"Fungua."

"Lakini baba mkubwa alisema..."

"Fungua, mwanangu anakufa."

Ufunguo uliniponyoka mara mbili. Tulimkuta amekakamaa, macho yamegeuka, povu lenye damu mdomoni.

Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa punda, mama amempakata kichwa, mimi nikitembea nyuma na kuhesabu pumzi zake. Muuguzi, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, akamdunga sindano, akauliza amekaa siku ngapi bila pombe. Nikasema siku tatu, na bado nilisema kwa fahari kidogo.

"Mtu aliyekunywa kila siku miaka yote hiyo haachishwi ghafla. Mwili unakataa, anaweza kufa," akasema. "Huyu ni mgonjwa. Siku ile mliyokaa mkutano ndiyo mngemleta hapa."

Nikakaa kwenye benchi la wajawazito.

Aliishi. Alirudia chupa mara mbili, mara zote tukampeleka hospitali, mwishowe akaacha. Mbuzi nililipa. Ukoo ulimla, na baba mkubwa akanitumia mguu wa mbele. Hadi leo mkutano ukiitwa juu ya kijana wa mtu, mimi husimama wa kwanza kuuliza ni nani amempeleka kwa daktari. Wananiita mkorofi. Wacha waseme.

Kaka yangu aliniuliza mara moja tu, miaka kadhaa baadaye, tukipukuchua mahindi nje ya ghala lile lile.

"Siku ya siafu nilikuita sana. Ulikuwa wapi?"

"Mtoni," nikasema. "Nilikuwa nimeenda kuchota maji."

Akaitikia kwa kichwa, akaokota gunzi lingine.

"Nilijua," akasema. "Ungekuwa karibu ungenifungulia."