Chaudière iliyokula masikio ya bwana yangu

Nyinyi batoto ba usine, ile kiwanda ya sabuni, mukome kucheka bwana yangu.

Mimi koko, muke wake wa uzee, nilikuwa pale leo asubuhi, nitasema.

Ile chaudière ya mazout, mutungi mukubwa wa chuma wa kuchemsha mayi kwa moto wa mafuta, aliitunza tangu ujana. Kila Samedi, mwisho wa juma, aliizima, akangoja ipoe, akasugua masizi ndani ya mabomba na brosi yake ndefu. Kelele yake ndiyo ilimumaliza masikio. Bwana iko kiziwi, sawa. Lakini kwa mikono yake chaudière haikupasuka hata mara moja.

Alipoacha kazi, nyinyi muliwasha moto bila kuangalia mayi. Ikapasuka. Ndipo mukamuita.

Aliweka mukono juu ya chuma baridi, akangoja itetemeke, maana anaisikiaga kwa mukono tu.

Mukacheka.

Chef wenu akasema mbele yake: « Imekufa. Lundi, juma ikianza, wataikata, wauze vyuma. »

Bwana hakusikia. Akaniuliza: « Mama, anasema nini? »

Mimi sidanganyagi mutu, munanijua. Leo nikamufanyia kwa mukono, hivi, kama mutu anasugua: anasema uje Samedi, uisafishe.

Akafurahi. Sasa bwana iko hapa kwenye lupango, uani kwetu, anaosha brosi.

Bon. Samedi mufungue mulango wa usine, mumuache aisafishe. Na mutu asimuambie kitu ya Lundi.