Siku Anastazia Alipomwigiza Baba Yake

Enzi zetu pale Mungaa, mchezo wa kuigiza haukuwa kitu cha kuangalia umejilaza kwenye kochi. Tulioga, tukapakwa mafuta ya alizeti mpaka magoti yakang'aa, tukashiba ugali wa mtama na mlenda, halafu kijiji kizima kikahamia uwanja wa shule. Wazee mbele kwenye madawati, akina mama chini kwenye khanga zao.

Mwaka tuliomaliza darasa la saba, mwalimu wa Kiswahili alitunga mchezo wa binti anayekataa kuozwa. Wavulana walikuwa machungani, basi hata wanaume tuliwaigiza sisi wasichana. Mimi nikawa binti. Rafiki yangu Anastazia akawa baba, na jamani, yule mtoto alikuwa balaa! Tena kila mtu alijua kwamba Anastazia mwenyewe ameshaposwa, na ng'ombe wa mahari wako zizini kwao.

Alitokea amevaa koti la baba yake, alilopewa kimyakimya na mama yake. Akakohoa kama baba yake, akajikuna kidevu kama yeye: "Hapa kwangu nikisema, nimesema!" Watu walicheka mpaka machozi. Baba yake, Mzee Gidioni, hakucheka. Mama yake akainamisha uso. Nikaogopa, leo shoga yangu atapigwa.

Ikafika zamu yangu. Nikapiga magoti, nikamwuliza: "Baba, umenizaa mimi, au umezaa ng'ombe?" Hapo alitakiwa anifukuze. Anastazia akaanza kulia ndani ya lile koti kubwa. Mwalimu akamnong'oneza maneno, wapi!

Ndipo Mzee Gidioni akainuka pale mbele. Hakunitazama mimi, alimtazama Anastazia. "Nimekuzaa wewe, mwanangu," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Asubuhi yake tulimwona Mzee Gidioni akiwaswaga wale ng'ombe kuwarudisha, peke yake, bila kumsalimia mtu. Anastazia akaenda sekondari. Nililia kwa furaha, na kwa wivu kidogo pia.

Siku hizi wajukuu wanatuonea huruma, eti hatukuwa na televisheni. Wao wana michezo chungu nzima kwenye simu, na mabinti wa humo wanalia vizuri kuliko sisi, wamejipaka na poda. Juzi nilikuwa Mwankoko kwa mwanangu. Mjukuu wangu alikuwa akimwangalia binti mmoja kwenye simu, anamlilia baba yake asimwoze. Baba yake mjukuu alikuwa pembeni na simu yake, anaangalia mpira.

Nikangoja. Hakuna aliyeinuka.